Daktari yupi?

Shangazi alinipigia simu jioni moja, nikamwamkia, akaitikia marahaba yake ile ndefu, alafu akanipa habari kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo kwamba vidonge vya presha ameacha, leo siku ya tisa, na anajisikia vizuri tu, kichwa hakiumi, usingizi anapata. Nikamuuliza nani kamwambia aache. Akasema daktari. Nikamuuliza daktari yupi, maana daktari wake namjua na si mtu wa kumwachisha mgonjwa dawa hivihivi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule wa kwenye voisi, mwanangu. Si wewe ndo ulinitumia?"

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Baada ya kukata simu nikaanza kuitafuta, napandisha juu, napandisha juu, mpaka nikaikuta. Dakika nne na kitu. Sauti ya mwanaume mtu mzima, anaongea taratibu, kwa mbali nyuma yake milango inafungwa na watu wanapita kama kweli yuko wodini, anasema yeye ni daktari bingwa wa moyo, kafanya kazi miaka 30, sasa dhamiri inamsuta na hawezi kunyamaza tena, vidonge vya presha vinaua figo na makampuni ya dawa yanajua. Jina lake hakutaja. Hospitali hakutaja. Tarehe hakuna, kwa hiyo hata kama ni mtu kweli huwezi kujua aliongea mwaka huu au miaka sita iliyopita. Na juu ya ile voisi kuna vile vimshale viwili ambavyo WhatsApp wanaviweka kuonyesha kwamba ujumbe umeshafowadiwa mara nyingi, vilikuwepo tangu siku ya kwanza, mimi nilipita juu yake kama havipo. Mbaya zaidi sikuisikiliza mpaka mwisho. Nilisikiliza nusu dakika nikasema huyu anajua anachokiongea, nikaituma kwenye magrupu manne, alafu nikamtumia na shangazi peke yake, kwa kumpenda, kwa sababu najua ana presha.

Nimejiuliza sana pale niliamini nini hasa. Ushahidi haukuwepo, hata mmoja. Niliamini neno "daktari", na ile sauti ya utu uzima, na milango ya nyuma. Na niliamini kwa sababu alikuwa analalamika dhidi ya wakubwa, na mtu anayewasema wakubwa tunampa alama za bure kabla hajafungua mdomo.

Usiku uleule nikampigia tena. Nikamwambia shangazi nisamehe, ile kitu ni uongo, rudia dawa zako, wasikilize wataalamu. Lile neno la mwisho ndo lilikuwa kosa.

"Wataalamu wepi? Walewale wa tumbo langu?"

Sasa niwaambie habari ya tumbo la shangazi ili mnielewe. Yeye ni mwalimu mstaafu, mtu wa kalamu nyekundu, na mimi nimekulia mkononi mwake. Nikiwa mdogo nikiandika kitu kwenye insha ambacho nimekiokota tu njiani, alikuwa anaandika pembeni kwa wino mwekundu "Nani kasema?" na nalazimika kurudi kutafuta. Mtu wa namna hiyo ndo aliugua vidonda vya tumbo mwaka 1988, akaambiwa ni mawazo. Punguza mawazo mama, acha vitu vikali, kunywa hii ya kutuliza asidi. Akapunguza. Akaacha. Akanywa. Maumivu yakaenda yakarudi miaka 11, na kila akirudi anaulizwa tena una mawazo gani, mpaka akaanza kujiona kwamba labda kweli ana kasoro fulani moyoni, labda hajui kuishi na watu, labda yeye ndo anajiletea. Mwaka 1999 daktari mwingine, kijana tu, akampima akamwambia una bakteria tumboni, akampa antibayotiki za wiki mbili pamoja na dawa ya asidi. Wiki mbili! Akapona na hajaugua tena mpaka leo.

"Walikosea kwenye tumbo langu miaka 11," akaniambia, "na hawakuniomba hata radhi. Kwa nini niwaamini kwenye moyo wangu?"

Nilikosa jibu. Sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Nilimwambia tu shangazi naomba kesho usitoke peke yako, tutaongea, na usingizi haukuja. Nikakaa na simu mpaka karibu saa tisa usiku nikisoma, maana nilitaka kujua ilikuwaje watu waliosoma miaka yote ile wakamwambia uongo mtu anayeumwa.

Kumbe habari yenyewe ni ya ajabu. Mwaka 1979 kule Perth, Australia, daktari mmoja anaitwa Robin Warren, kazi yake kuangalia kwa darubini vipande vya nyama wanavyokatwa wagonjwa kwa ajili ya vipimo, aliona vijidudu vilivyopindapinda kwenye kipande kilichotoka tumboni kwa mtu. Wakati ule mafundisho yalikuwa kwamba tumbo lina asidi kali mno, bakteria hawezi kuishi mle, kwa hiyo ukiwaona ni uchafu umeingia baadaye. Yeye akaendelea kuwaona, mgonjwa baada ya mgonjwa. Mwaka 1981 akapata mwenzake, daktari kijana anaitwa Barry Marshall, wakawa wawili, wakaandika kwenye jarida la Lancet, na wakubwa wengi wa fani wakatikisa vichwa. Marshall alijaribu kuwaambukiza nguruwe wadogo ikashindikana. Basi mwaka 1984 akakoroga bakteria wale kwenye chombo akanywa mwenyewe. Siku chache tu akaanza kutapika, mdomo unanuka, na walipomwingizia mpira wa kamera wakakuta ukuta wa tumbo umevimba na bakteria wamejaa. Mwaka 1994, yaani miaka kumi baada ya kile kikombe, ndo jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani likasema rasmi kwamba wenye vidonda na huyu bakteria wapewe antibayotiki. Mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Nobel. (Niseme tu, vidonda vingine vinaletwa na vidonge vya maumivu kama aspirini, kwa hiyo usijitibu antibayotiki kwa sababu ya shangazi yangu, nenda ukapimwe.)

Piga hesabu uone. Shangazi alipoambiwa "punguza mawazo" kwa mara ya kwanza, Marshall alikuwa ameshakunywa miaka minne iliyopita. Jibu lilikuwa limeshachapishwa, limekaa kwenye makaratasi, na lilimchukua miaka mingine 11 kumfikia. Niliposoma hapo nilikasirika kwa niaba yake. Ana haki ya kukasirika, na yeyote anayewaambia watu kama yeye "waaminini wataalamu" kwa mkato bila kuigusa hiyo miaka 11 anawadharau.

Ila kadiri nilivyosoma nikaona kitu ambacho nilitaka nimwamshe usiku uleule nimwambie. Aliyewasahihisha madaktari ni nani? Ni madaktari. Warren ana jina, ana maabara, vile vipande vya nyama vipo, mtu mwingine kwenye nchi nyingine aliweza kuweka chake chini ya darubini akaangalia kama anaona au haoni, na wengi waliangalia kwa nia ya kuwaumbua wakajikuta wanaona. Kosa lilidumu muda mrefu, lakini mlango wa kulifikia ulikuwepo na watu waliupitia. Sasa yule wa kwenye voisi akikosea nani atamsahihisha? Nani atajua kwamba kakosea? Mtu akifa kwa kiharusi kwa sababu ya zile dakika nne, ndugu zake wataenda kumlalamikia nani, wapi, kwa jina gani? Hana mlango. Hana hata ukuta.

Nikalala na hilo nikidhani nimemaliza. Asubuhi nikagundua sijamaliza, maana nilianza kukumbuka zile habari nyingine, ambazo wakubwa hawakukosea, walidanganya. Na hapo hoja yangu nzuri ya usiku ikapwaya.

Kule Alabama, Marekani, kwenye eneo la Tuskegee, idara ya afya ya umma ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 kuanzia mwaka 1932, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya" na wanatibiwa. Hawakuwa wanatibiwa, walikuwa wanaangaliwa ugonjwa unavyowala. Kufikia 1947 penisilini ilikuwa imeshakuwa dawa ya kawaida ya kaswende na bado hawakupewa, wakawa wanazikwa mmoja mmoja, kazi ikaendelea mpaka 1972. Miaka 40, chini ya madaktari wenye vyeti, na matokeo yanachapishwa kwenye majarida bila kificho. Yaani mlango ulikuwepo, makaratasi yalikuwa wazi, na waliokuwa wanayasoma hawakuona tatizo, kwa sababu waliokuwa wanakufa hawakuwa watu wa maana kwao. Aliyevunja ukimya ni mfanyakazi wa idara hiyohiyo, Peter Buxtun, alilalamika ndani tangu 1966 wakampuuza, mwisho akapeleka kwa waandishi wa habari. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayeogopa hospitali na anaijua habari ya Tuskegee, usimwite mjinga. Anajua kitu.

Alafu kuna sigara, na hii ndo imenifunza zaidi. Tangu 1950 kulikuwa na tafiti za Marekani na Uingereza zinazoonyesha wavuta sigara wanapata saratani ya mapafu kupita kiasi. Makampuni ya sigara yalifanya nini? Hayakuhangaika sana kuthibitisha kwamba sigara ni salama. Yalisema tu kwamba wanasayansi hawajakubaliana, tusubiri utafiti zaidi, nani anajua kwa hakika. Kuna waraka wa ndani wa kampuni ya Brown & Williamson wa mwaka 1969 ambao baadaye ulitoka nje, umeandika wazi kwamba shaka ndo bidhaa yetu. Shaka! Watu walikaa ofisini wakaitengeneza shaka kama vile wanavyotengeneza pakiti, wakaisambaza, na mwaka 1994 wakuu saba wa makampuni hayo walikula kiapo mbele ya kamati ya bunge la Marekani wakasema hawaamini kwamba nikotini inalevya mtu akawa mtumwa wake.

Ndo maana siku hizi mtu akiniambia "mimi siamini chochote, nahoji kila kitu" simpongezi haraka. Anayekwambia hakuna wa kuaminika mara nyingi anakuuzia kitu, na ukishaacha kuwaamini wote unabaki na yule aliye karibu na sikio lako. Mimi pale na ile voisi nilijiona mjanja, mtu asiyedanganyika na makampuni. Ujanja wenyewe ndo ulionidanganya.

Na siku hizi hata mashine tumezipa cheo. Kule Uingereza shirika la posta liliweka mfumo wa kompyuta unaitwa Horizon kwenye vituo vyake, mfumo ukawa unaonyesha upotevu wa hela ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wa vituo vidogo wakatiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakajiua. Wengi wakipiga simu kuuliza wanaambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Wewe peke yako! Mpaka wasimamizi 555, wakiongozwa na mwenzao Alan Bates, walipojikusanya wakaenda mahakamani na mwaka 2019 jaji akakubali kwamba mfumo ulikuwa na makosa. Nikisikia mtu anasema "kompyuta imeonyesha" kama vile hapo ndo mwisho wa maneno, nawakumbuka wale watu usiku wanahesabu hela peke yao mara ya tano na hesabu haifungi.

Lakini habari iliyonikaa kuliko zote ni ya mtu mmoja, na naomba mnivumilie niisimulie vizuri.

Kuna dawa iliitwa thalidomaidi, ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi na ya kutuliza, ikasambaa nchi nyingi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu cha asubuhi, ikasemwa ni salama kabisa. Watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vilivyofupika au bila mikono, na wengi wakafa wachanga. Kule Marekani haikupata kibali, na sababu kubwa ni mwanamke mmoja, Frances Kelsey, ambaye ndo kwanza alikuwa ameajiriwa mwaka 1960 kwenye mamlaka ya dawa, faili lile likiwa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Hakuwa na ufunuo wowote. Aliona takwimu za kampuni hazitoshi, akaomba zaidi. Wakaleta, akaona hazitoshi, akaomba tena. Akasoma kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kwamba kuna wagonjwa wanapata ganzi mikononi na miguuni, akauliza mbona hili hamkusema, na mtoto aliye tumboni itamfanya nini? Kampuni ikampigia simu, ikamfuata ofisini, ikawalalamikia wakubwa wake. Hakutia saini. Kazi yake yote ya ushujaa ilikuwa kusema "bado sijaona," mwezi baada ya mwezi, mpaka habari za watoto zikafika mwishoni mwa 1961.

Mmoja wa waliozileta hizo habari ni daktari wa uzazi wa Sydney anaitwa William McBride. Aliandika barua fupi kwenye Lancet, Desemba 1961, akisema anaona watoto wenye viungo vilivyoharibika kwa mama waliotumia dawa hii, je kuna mwenzangu ameona? Alikuwa sahihi. Akawa shujaa, jina lake likajulikana dunia nzima, kila mtu akawa anasema huyu ndo aliyeokoa watoto wetu. Na alistahili.

Sasa sikiliza. Miaka ya 80 McBride huyuhuyu akachapisha majaribio ya sungura akidai dawa nyingine nayo inaharibu watoto tumboni. Wasaidizi wake waliofanya kazi ile kwa mikono yao walipoiona ikiwa imechapishwa wakakuta takwimu zimebadilishwa, na sungura ambao hawakuwepo wameongezwa. Wakasema. Mwandishi wa redio anaitwa Norman Swan akaifuatilia akaitoa hadharani mwaka 1987, na mwaka 1993 McBride akafutwa kwenye orodha ya madaktari kwa udanganyifu wa kisayansi.

Mtu mmoja. Mkono uleule. Ungemwamini mwaka 1961 kwa sababu ya nini, na ungemkataa miaka ya 80 kwa sababu gani? Jina lake lisingekusaidia, maana jina mara ya pili lilikuwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Nia yake isingekusaidia, pengine hata mara ya pili aliamini moyoni anaokoa watoto. Kilichosaidia mara zote mbili ni kwamba kuna watu wengine waliokuwa na uwezo wa kufungua madaftari wakaangalia. Mara ya kwanza madaftari yakamkubali, mara ya pili yakamkataa. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara namwona Kelsey na faili lake, hajui kama kampuni ni waongo au wakweli, hajali hata, anataka tu kuona.

Na wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua hili zamani sana. Hawakuridhika na "imesemwa". Walitaka sanad, nani kapokea kwa nani, walikutana kweli au mmoja alikufa kabla mwenzake hajazaliwa, huyu ana kumbukumbu nzuri, yule alishawahi kukutwa na uongo. Mnyororo ukikatika mahali pamoja hadithi inashushwa kuwa dhaifu hata kama maneno yake ni matamu na ya kumcha Mungu. Ile voisi yangu mnyororo wake ulikuwa na pete moja tu, na pete yenyewe ni mimi.

Basi siku iliyofuata nikaenda kwa shangazi. Sikumwambia tena awaamini wataalamu. Nikamwambia shangazi hoja yako ni ya kweli, walikukosea, na mimi nimekukosea zaidi kwa sababu wao hawakujua na mimi sikutaka kujua. Nikamwambia usiniamini mimi, usiamini voisi, tupime. Nilikuwa nimeazima mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga kwenye mkono. Tukasoma maelekezo pamoja, unakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, huongei. Akatoa daftari, akachora mistari kwa rula kama anaandaa mahudhurio ya darasa, tarehe, saa, juu, chini. Kipimo cha kwanza 171 kwa 102. Akasema mashine mbovu. Nikafunga mkononi kwangu ikasoma 118 kwa 76, akaiangalia, akaangalia mkono wangu, akanyamaza.

Tukakubaliana asubuhi tupime tena, na yakiwa hivyohivyo tunaondoka siku hiyohiyo. Asubuhi 168 kwa 104. Akachukua kalamu nyekundu, mwenyewe bila kuambiwa, akazungushia duara vipimo vyote viwili, akaniambia twende.

Kwa daktari wake nilikaa pembeni nikamwacha aongee. Akafungua daftari akalisukuma mezani, akauliza maswali yake moja baada ya jingine. Hizi dawa zinaharibu figo? Daktari akasema kinachoharibu figo kwa uhakika ni presha yenyewe ikiachwa juu, na baadhi ya dawa za presha ndo wanazitumia kulinda figo, ila ni kweli kuna aina ambazo ukianza lazima damu ipimwe kuangalia figo na madini ya potasiamu, akamwandikia akapime. Kwa hiyo hata ile voisi ilikuwa na punje ya ukweli ndani yake, ndo maana ilipita kooni kirahisi. Alafu shangazi akainua gauni kidogo akaonyesha vifundo vya miguu. Vimevimba. Akasema hivi vilianza na kile kidonge cha njano na hakuna aliyewahi kuniuliza. Daktari akainama akavibonyeza, akasema ni kweli mama, kidonge kile kwa baadhi ya watu kinavimbisha miguu, nilipaswa kukuambia mapema. Akakibadilisha.

Kwenye kutoka shangazi akasema, "Huyu leo kajibu." Nikaelewa kwamba mambo ya figo yalikuwa ni ya juu tu. Miguu ilikuwa inamvimba miezi na miezi, na mtu wa kwanza kuongea kama anayejua kwamba dawa inaweza kumuumiza alikuwa yule mwongo wa dakika nne.

Mimi nikabaki na deni langu. Nikarudi kwenye yale magrupu manne nikaandika, kwa jina langu, kwamba voisi niliyotuma tarehe fulani ni ya uongo au angalau haina mwenyewe, kwamba mtu wa karibu yangu ameacha dawa kwa sababu yake na presha ikapanda, tafadhali aliyeacha arudi kwa daktari wake haraka. Kwenye grupu moja watu watatu wakaweka dole gumba. Kwenye jingine mtu akaniuliza sasa tuamini ipi, ile ya kwanza au hii, na ni swali zuri, nikamjibu usiamini zote mbili, kapime. Magrupu mawili kimya kabisa.

Baada ya kama miezi miwili, mtu ambaye hata hayumo kwenye magrupu yale akanitumia ile voisi. Ileile, milango ileile nyuma, vimshale viwili juu. Masahihisho yangu mpaka leo sijawahi kuona yakinirudia. Nikamwandikia: "Huyu daktari anaitwa nani?"

Tiki mbili za bluu. Hajajibu.